Muulize Mwalimu: "Kocha anasema mwanangu hana mbio za namba moja"

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa kijana wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Anacheza mpira wa kikapu tangu darasa la tano, na katika kila timu aliyopita yeye ndiye aliyekuwa namba moja, yule anayepandisha mpira na kuongoza wenzake. Mwezi uliopita kocha mpya wa shule amemtoa namba moja akamweka pembeni, awe wa kutupa kikapuni tu, kwa madai kwamba hana mbio. Tangu siku hiyo mtoto hali vizuri. Baba yake anasema huu ndio wakati wa kuachana na mpira ashike vitabu. Mimi mchezo siujui, ila mtoto wangu namjua. Niambie ukweli: yuko mtu asiye na mbio aliyefika mbali kwa namba hiyo, au nimwambie tu akubali yaishe?
— Mama wa Namba Moja, Tanga

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilicheza namba moja kwa miaka 14 nami sikuwa na mbio, kwa hiyo hayo maneno aliyoambiwa mwanao najua yanavyochoma.

Mtu huyo yupo, wala hahitaji kutafutwa kwa tochi. Anaitwa Šarūnas Jasikevičius, na mashabiki humwita Šaras. Alizaliwa Machi 1976 mjini Kaunas, Lithuania, nchi ya pwani ya Baltiki ambayo watu wake wote hawafiki milioni tatu, na ambako mpira wa kikapu huitwa dini ya pili. Alipokuwa mtoto, nchi yao ilikuwa bado ndani ya Muungano wa Kisovieti. Klabu ya mji wao, Žalgiris, ikiwa na lile jitu Arvydas Sabonis, ilikuwa ikiiangusha timu ya jeshi la Moscow, CSKA, na ikatwaa ubingwa wa Usovieti miaka mitatu mfululizo, 1985 hadi 1987. Mtoto wa Kaunas wa miaka kumi hakuhitaji mtu wa kumweleza ushindi ule ulikuwa na maana gani.

Hapa ndipo anapokutana na mwanao. Alikwenda Marekani kijana, akamalizia sekondari Pennsylvania, kisha akacheza miaka minne Chuo Kikuu cha Maryland, 1994 hadi 1998. Huko namba moja hawakumpa. Walimweka pembeni awe wa kutupa, mpira ukapandishwa na mwingine, vilevile kama alivyofanywa kijana wako. Alipomaliza, klabu za NBA, ligi kuu ya Marekani, zilichagua wachezaji 58 mwaka huo, na jina lake halikusomwa. Akarudi Ulaya: msimu mmoja na Lietuvos rytas ya Vilnius, mmoja na Olimpija ya Ljubljana, Slovenia, na mwaka 2000 akatua Barcelona. Ni huko Ulaya, makocha walipomwachia mpira, ndipo watu walipoona alichokuwa nacho.

Alikuwa nacho nini? Mweke kijana wako karibu msome pamoja. Šaras ana urefu wa mita 1.93, harukii juu sana, na ukimshindanisha mbio na namba moja wa siku zile wengi wangemwacha. Mwenzake mrefu anakuja kumwekea kizuizi, ile tunayoita skrini. Šaras anapita akigusana naye bega kwa bega, na anayemkaba anakwama nyuma ya kizuizi. Wengi wetu hapo tungeongeza mwendo. Yeye anapunguza. Anamweka yule mkabaji mgongoni, anamzuia kwa kiuno asipite, anadundisha mpira mara moja, mara mbili, taratibu kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Mkabaji mrefu aliyeko mbele sasa hajui amfuate yeye au arudi kwa mtu wake. Akisogea nusu hatua tu, mpira umeshatoka: mkono mmoja, moja kwa moja kutoka kwenye mdundo, bila kuushika kwa mikono miwili, na mwenzake anaukuta palepale anapofika. Asiposogea, Šaras anasimama na kutupa. Mbio alizowashinda watu pale ni za macho, kwa sababu alishaamua kabla wao hawajaamua.

Na kutupa alijua. Nasema hivi nikiwa na hakika ya mwalimu aliyefundisha watoto mamia: namba moja mzito wa miguu asiyeweza kutupa hafiki popote, kwa sababu wanamwachia nafasi na kuziba njia zote za pasi. Miaka ile ya pembeni Maryland haikumpa alichotaka, lakini alirudi nayo Ulaya ikiwa ndani ya mkono wake.

Kuna mechi mbili ambazo ningetaka kijana azijue kwa moyo.

Ya kwanza ni nusu fainali ya Olimpiki ya Sydney, Septemba 2000. Marekani ina Kevin Garnett, Jason Kidd, Vince Carter. Tangu mwaka 1992 walipoanza kuleta wachezaji wa NBA hawajapoteza hata mechi moja ya Olimpiki. Lithuania inawabana mpaka mwisho, na Šaras, kijana wa miaka 24 ambaye hakuna klabu ya NBA iliyomtaka, anafunga pointi 27. Ubao unasoma 85 kwa 83, Marekani iko mbele, sekunde zinakwisha, mpira uko kwake. Anatupa kutoka mbali, pointi tatu za kuwaua Wamarekani. Mpira unapungua kidogo, haufiki. Mechi imekwisha. Walithuania walirudi kwao na medali ya shaba.

Ya pili ni Athens, Agosti 2004. Mimi niliitazama kwenye televisheni ya jirani, tumebanana sebuleni watu kumi na zaidi. Marekani ileile, majina mengine: Allen Iverson, Tim Duncan, LeBron James akiwa bado kinda. Dakika za mwisho Marekani iko mbele, na Šaras anaanza kutupa. Ya kwanza ikaingia. Nyingine ikaingia. Baba mwenye nyumba akasimama, nasi tukasimama. Alimaliza na pointi 28, mitupo saba ya pointi tatu ndani yake, na Lithuania ikashinda 94 kwa 90. Mtu aliyepungukiwa Sydney mbele ya dunia nzima alikuwa amekaa na ule mpira miaka minne, na ulipomrudia mkononi hakumpa mwingine autupe.

(Nikuambie na la pili, nisije nikakufichia: siku chache baadaye timu hizohizo zilikutana kuwania shaba, na Marekani ikashinda 104 kwa 96. Michezo ndiyo hivyo.)

Sasa kuhusu kocha wa shule. Usiende kugombana naye. Kijana wa miaka 15 hajamaliza kukua, na huyo kocha huenda ana mtu mwepesi anayetaka kumjaribu; ni haki yake. Ila omba jambo moja, na uliombe kwa heshima: kwenye mazoezi, hata dakika kumi, mwanao apewe mpira aongoze wenzake wanne. Nyumbani atupe mipira mia kila siku kabla ya chai ya jioni, na aandike daftarini iliyoingia. Mwambie pia, akitazama mechi yoyote, asiangalie mpira. Aangalie wanne wasiokuwa nao. Zoezi hili linachosha kichwa kuliko kukimbia, na wengi huliacha wiki ya kwanza. Asipoliacha, niandikie tena baada ya miezi sita, nitataka kuliona hilo daftari.

Na mzee wa nyumbani mpe salamu zangu. Vitabu ni sawa, hilo silipingi hata chembe. Lakini mtoto ambaye hali vizuri kwa sababu ametolewa namba moja hatasoma vizuri pia.

*

Mwalimu, umekuwa ukimsifia sana huyu Jasikevičius kwenye safu yako. Mbona NBA hakufua dafu? Bingwa wa kweli anajulikana Marekani, hayo mengine ni ya Ulaya tu.
— Shabiki wa NBA, Dar es Salaam

Kaka, hilo "ya Ulaya tu" ndilo linalonifanya nikujibu.

Ni kweli, NBA hakung'ara. Alikwenda Indiana Pacers mwaka 2005, akiwa na miaka 29. Januari 2007 akapelekwa Golden State Warriors katika mabadilishano ya wachezaji wanane, na huko alikaa benchi zaidi kuliko uwanjani. Baada ya misimu miwili akarudi Ulaya. Sababu si ya kuficha: kule anayekaba namba moja hukutana kila usiku na vijana wepesi kama umeme, na kukaba hakukuwa kazi aliyoiweza Šaras. Halafu mchezo wake ulihitaji mpira ukae mkononi mwake na wenzake wajue atafanya nini, na benchi haitoi nafasi hiyo.

Lakini tazama alikotoka na alikorudi. Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa EuroLeague, ligi ya klabu kubwa za Ulaya, na Barcelona. Miezi michache baadaye, nchini Sweden, Lithuania ikaifunga Hispania 93 kwa 84 ikawa bingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza tangu 1939, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Mwaka 2004 na 2005 akawa bingwa wa EuroLeague tena, safari hii na Maccabi Tel Aviv.

Ule wa 2004 nusura usiwepo, na waliokaribia kuuzuia ni watu wa mji wake mwenyewe. Aprili mwaka huo Maccabi ilikuwa nyumbani dhidi ya Žalgiris ya Kaunas, na atakayeshinda ndiye anayekwenda hatua ya timu nne za mwisho. Žalgiris iko mbele kwa pointi tatu, zimebaki sekunde mbili na kitu. Mpira unarushwa kutoka upande wa pili wa uwanja mpaka kwa Derrick Sharp, anageuka, anatupa, unaingia. Dakika za nyongeza Maccabi ikashinda. Sabonis, yule jitu wa utoto wa Šaras, alikuwa ndani ya jezi ya Žalgiris usiku huo. Mimi nikiwaza jambo hili huwa nawaza juu ya Kaunas, nyumba kwa nyumba, nusu ya mji wakiwa wanamlaani Sharp na mtoto wao akiwa anamkumbatia. Kwenye fainali Maccabi iliichapa timu ya Bologna 118 kwa 74. Fainali, kaka, pointi 44.

Aliporudi kutoka Marekani alisaini Panathinaikos ya Athens, chini ya kocha Željko Obradović. Kikosi kile kilikuwa na anasa ambayo sijaiona tena: namba moja watatu wa kiwango cha juu kabisa, Dimitris Diamantidis, Vassilis Spanoulis na Šaras, na kila mmoja angeweza kuwa mfalme wa klabu nyingine. Fainali ya 2009 mjini Berlin walikuwa mbele ya CSKA 48 kwa 28 mapumziko. CSKA wakarudi, pointi moja moja, mpaka ikawa 73 kwa 71 na mpira wa mwisho uko kwao. Aliyetupa ni Ramūnas Šiškauskas, Mlithuania, aliyekuwa na Šaras kwenye kikosi cha Sydney na kwenye ubingwa wa 2003. Haukuingia. Šaras akawa bingwa wa EuroLeague mara ya nne, na klabu ya tatu tofauti, kwa sababu mpira wa rafiki yake ulikataa, kama wake ulivyokataa miaka tisa kabla.

Ukiweza kusema hayo ni ya Ulaya tu, sawa. Mimi siwezi.

*

Mwalimu, jina lake linatamkwaje? Darasani kila mtu anasema lake.
— Mwanafunzi, Morogoro

Sha-ruu-nas Ya-si-ke-vi-chus. Ile J yao ni Y yetu, na herufi zenye kofia ni sh na ch. Ukilisema haraka mara tano halikushindi tena.

*

Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Abu Dhabi kwa kazi ya ulinzi. Mei 2025 nilipangwa zamu Etihad Arena, wikendi ile ya fainali za mpira wa kikapu za Ulaya. Nilisimama karibu na njia ya wachezaji. Kocha wa Fenerbahçe, klabu ya Uturuki, alikuwa mkali ajabu, akiita mapumziko unadhani kuna mtu kaibiwa. Mfilipino ninayefanya naye kazi akaniambia huyo zamani alikuwa mchezaji hatari, namba moja. Ni kweli? Na kwa nini ana hasira vile hali timu yake inashinda?
— Mlinzi wa Zamu, Abu Dhabi

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Mfilipino wako kasema kweli, na wewe ulisimama mahali ambapo mimi ningelipa nauli kusimama. Huyo ndiye Šaras ninayemweleza hapo juu.

Alistaafu kucheza mwaka 2014 akiwa na Žalgiris, nyumbani Kaunas, akabaki palepale kama kocha msaidizi, na Januari 2016 akapewa timu. Tangu hapo EuroLeague ikawa inamfungia mlango usoni. Mwaka 2018 aliifikisha Žalgiris kwenye timu nne za mwisho, jambo kubwa kwa klabu yenye fedha kidogo kuliko wale iliokuwa ikiwatoa, akafungwa nusu fainali na Fenerbahçe ya mwalimu wake Obradović. Akahamia Barcelona: 2021 akapoteza fainali kwa Anadolu Efes, 86 kwa 81. Mwaka 2022 akafungwa nusu fainali na Real Madrid. Mwaka 2023 nusu fainali, Real Madrid tena, na safari hii fainali zenyewe zilikuwa Kaunas, mji wake, watu waliomlea wakiwa wamejaa jukwaani. Desemba mwaka huo akachukua Fenerbahçe, na 2024 akafungwa nusu fainali na Panathinaikos. Hesabu mwenyewe: mara tano amefika, mara tano ametoka bila kombe.

Kwa hiyo ulipomwona akifoka huku timu iko mbele, ulikuwa unamwona mtu aliyewahi kuwa mbele na akajua haitoshi. Namba moja akiwa kocha ana tabu yake. Anaiona pasi sekunde moja kabla ya mchezaji wake, na hawezi kuingia kuitoa.

Ukali huo mimi nauelewa kwa watu wazima wanaolipwa. Watoto siwafokei, na makocha wa vijana wanaomwiga kelele zake bila kuiga akili yake wanakosea. Hata yeye si kelele tu. Mwaka 2017, wakati Žalgiris iko katikati ya nusu fainali ya ligi ya Lithuania, mchezaji wake Mbrazili Augusto Lima aliondoka kwenda kushuhudia mtoto wake akizaliwa. Mwandishi wa habari akauliza kama ni sawa mchezaji kuondoka wakati kama ule. Šaras alimgeuzia swali, akamuuliza kama ana watoto, kisha akamweleza taratibu, bila hata kupandisha sauti, kwamba siku atakapopata mtoto wake ataelewa, na kwamba hakuna kombe wala ukumbi uliojaa unaofikia jambo lile. Ile video huwa nawaonyesha wazazi.

Sasa usiku wako. Nusu fainali Fenerbahçe iliifunga Panathinaikos, walewale waliomtoa mwaka mmoja kabla, 82 kwa 76. Fainali wakaifunga Monaco 81 kwa 70, Nigel Hayes-Davis akafunga pointi 23. Mara ya sita akiwa kocha, kombe likakubali.

Na kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia pale mlangoni. Yule kocha wa Monaco aliyesimama upande wa pili ni Vassilis Spanoulis, yule wa Berlin. Mwaka 2009 walivaa jezi moja, wote namba moja, wakanyanyua kombe hilohilo pamoja. Miaka 16 baadaye wakarudi kuligombania wakiwa na makoti, kila mmoja kwenye benchi lake, na wewe umesimama hatua chache kutoka kwao. Ukirudi zamu, mwulize Mfilipino wako kama alilijua hilo. Kama alilijua, mpe salamu zangu, na umwambie aniandikie.